"Mama, Utupikie": Ahadi, Arubuni na Uchaguzi wa Jukwaa la Kuweka Nafasi

Kifaransa kina kitenzi kimoja, réserver, nacho kinatosha kwa meza ya mkahawa, chumba cha hoteli na kiti cha ndege. Kiswahili kimegawanyika. Dar es Salaam watu huweka nafasi, Nairobi wengi hubuku, na matangazo yenye adabu ya ofisi husema kuhifadhi nafasi. Sisi wa Kongo ya mashariki tunafanya rezervasio tukitaka kusikika wasomi, tunafanya komande tukiwa na njaa, na tukizungumza na mpishi tunayemjua hatutumii neno lolote kati ya hayo. Tunasema tu: "Mama, utuwekee."

Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kujibu swali ambalo kwa sura lilikuwa la watu wa informatiki. Mama mdogo wangu ana restora Kasongo, yenye meza nne na jiko la makaa nyuma ya nyumba. Wateja wake wa kila siku ni watu wa sokoni, lakini faida yake hutoka kwa makundi: walimu wanaokuja kutoka Kabambare kwa mambo ya mitihani, wajumbe wa mashirika, wageni wa dayosisi, familia inayoozesha. Mwanawe, ambaye kwa desturi yetu ni mdogo wangu wala si binamu, anasoma informatiki, na mwaka huu amekusudia kuiweka restora hiyo kwenye intaneti ili makundi yaagize mapema. Aliniandikia majina ya majukwaa makubwa ya kuweka nafasi, akaongeza swali: "Yaya, tuchukue ipi?"

Jibu langu ndilo ninalolieleza hapa kwa kirefu. Nilimwambia asianze kwa kulinganisha bei na sura za majukwaa. Aanze kwa kuuliza kila jukwaa linaifanyia nini ahadi, kwa sababu kuweka nafasi ni kuahidiana, na ahadi ni jambo la lugha kabla halijawa jambo la programu.

Wasomaji wa kitivo hiki wanaijua nadharia ya vitendo uneni, kwa hiyo nitapita haraka. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na ambayo ilichapwa kuwa kitabu mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake, alionyesha kwamba ziko semi ambazo hazielezi jambo bali hulitenda. Anayesema "naahidi" hatoi habari ya ahadi. Anaitoa ahadi yenyewe. Tendo hilo lina masharti yake: asemaye awe na haki ya kulisema, hali iwe inafaa, na asikiaye alipokee. Sharti la mwisho husahauliwa mara nyingi. Nikikutumia ujumbe kwamba nitakuja na wenzangu kumi, na wewe hujausikia, sijaahidi kitu bado. Nimeandika tu.

Katika kuweka nafasi zipo ahadi mbili zinazotazamana. Mteja anasema: tutakuja, siku fulani, tukiwa watu fulani. Mpishi anasema: mtakuta. Kila mmoja amejifunga na kila mmoja anaweza kumuumiza mwenzake, ila maumivu yenyewe hayalingani mahali pote. Mkahawa wa Paris ukikosa wateja wa meza moja hupoteza kiti kilichokaa kitupu kwa saa mbili. Nyama inabaki kwenye friji. Mama mdogo hana friji. Akiambiwa watu kumi na wawili, alfajiri ananunua samaki, anatwanga sombe, anapima makopo ya mchele, na ikifika adhuhuri mtaji wake wote uko ndani ya sufuria. Kundi lisipotokea, jioni anawauzia majirani kwa nusu ya bei, kinachobaki wanakula watoto, na kesho yake anakwenda sokoni kukopa. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja. Hakuna aliyekuwa mwizi; walimu walikwama njiani, au mkubwa wa ujumbe aliamua kulala Kabambare.

Kwa hiyo hata kipimo ni tofauti. Majukwaa ya Ulaya na Marekani huhesabu kile ambacho Wafaransa wanakiita couvert, yaani mahali palipotandikwa uma na kisu kwa mtu mmoja, na saa ya kukaa hapo. Kasongo tunahesabu sahani. Mgeni akija bila kuagiza, meza ataipata, na kama meza zimejaa atapewa kigoda chini ya mwembe. Kitu kinachoweza kukosekana ni chakula. Jukwaa linalolinda viti linamlindia mama mdogo kitu ambacho hakijawahi kumpungukia.

Sasa turudi kwenye "utuwekee", kwa maana sarufi inalijua jambo hili kuliko kitufe. Kitenzi ni kuweka. Kiambishi u- kinamtaja anayeombwa kujifunga, tu- kinawataja watakaofaidika, kauli ya kutendea inaunganisha pande hizo mbili, na kiishio -e kinatuambia kwamba hili ni ombi, bado halijawa kweli. Katika neno moja kuna watu, kuna uhusiano wao, na kuna hali ya jambo. Linganisha na kitufe cha "Weka nafasi" tunachokiona kwenye kurasa za Kiswahili. Kutendea kumeondoka. Nani anaweka? Kwa sarufi ni mteja anayebonyeza, ingawa mteja hana meza wala sufuria. Anamwekea nani? Haijasemwa. Kifaransa kimekwenda mbali zaidi: "Réserver" ya kwenye kitufe haina hata mtendaji.

Nikiwa hapo niongeze na ile ya "Utupikie watu kumi na wawili", inayosikika Kasongo kila wiki. Kitenzi cha kutendea kinaruhusu yambwa zaidi ya moja, na mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu peke yake, akiisikia sentensi hiyo usiku, angekuwa na sababu nzuri ya kukimbia. Mama mdogo hakimbii. Anajua kwamba "watu kumi na wawili" ni sisi tuliomo ndani ya tu-, na anasikiliza kitu kingine kabisa: kama umesema "kumi na wawili" au "kama kumi na wawili". Ile "kama" ndogo humgharimu sahani tatu, na huwa anauliza papo hapo: "Kama, au kumi na wawili?" Vilevile hasumbuliwi na "Mungu akipenda". Watu wa nje husikia humo mlango wa kutokea. Yeye anasema mtu asiyeitaja ndiye wa kumwogopa, maana hajaifikiria barabara.

Baada ya hayo ndipo nikayatazama majukwaa yenyewe. Yanatofautiana katika mambo mengi, lakini kwa macho ya lugha tofauti kubwa ni moja: nani anasema ndiyo, na lini.

OpenTable, lililoanzishwa na Chuck Templeton huko San Francisco mwaka 1998, limejengwa juu ya kalenda. Mwenye mkahawa anafungua nafasi zake mapema, mteja anachagua, na mashine inajibu ndiyo papo hapo. Ndiyo hiyo si ya mashine. Mwenye mkahawa aliitoa tangu alipofungua kalenda, kwa mtu asiyemjua, kwa siku ambayo haijafika. TheFork, lililozaliwa Ufaransa mwaka 2007 kwa jina la LaFourchette, linafuata njia iyo hiyo na kuongeza mapunguzo ya bei ili kuvuta wateja kwa saa ambazo meza ziko tupu. Kwa mji wenye ghala, umeme na soko la kila saa, mpango huo ni mzuri, na msomaji aliyeko Nairobi au Brussels anayetaka meza ya watu wawili asisite kuutumia. Mteja anapata uhakika bila kumpigia mtu simu. Lakini mwenye restora wa Kasongo anayetoa ndiyo wiki mbili kabla atakuwa ameahidi samaki ambao bado wako Lualaba.

Namna ya kumwadhibu asiyetokea nayo inaeleza mengi. OpenTable humfungia akaunti mteja aliyekosa kutokea mara 4 ndani ya miezi 12. Adhabu hiyo ina maana kwa mtu anayekula nje kila wiki. Mwalimu wa Kabambare huja Kasongo mara chache kwa mwaka. Angehitaji miaka kadhaa kufikisha makosa manne, na mama mdogo angekuwa amefilisika kwenye kosa la pili.

Tock ni habari nyingine. Kiini chake kilianza Chicago mwaka 2011, pale Nick Kokonas alipoamua kutopokea nafasi katika mkahawa uitwao Next na badala yake akauza tikiti, kama za ukumbi wa muziki. Jukwaa lenyewe likafuata mwaka 2014. Mteja analipa kabla. Asipokuja, amenunua kitu na hakukichukua. Wapo waliosema wakati huo kwamba ni ukosefu wa ukarimu kumdai mgeni pesa kabla hajaketi. Mimi niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama mdogo, ambaye amekuwa akifanya hivyo hivyo bila jukwaa, tofauti ikiwa kwamba yeye hudai nusu.

Njia ya tatu ni ile ya ombi. Ukurasa mdogo unapokea jina, siku na idadi, kisha hausemi ndiyo. Unampelekea mwenye restora ujumbe, naye anajibu mwenyewe. Watengenezaji wa programu huiona kuwa njia ya kizamani kwa sababu ina kungoja ndani yake. Kwa mwanafunzi wa lugha ndiyo njia pekee kati ya hizo tatu inayofanana na mazungumzo: upande mmoja unabisha hodi, na hodi haimwingizi mtu nyumbani mpaka asikie karibu.

Mtu atauliza kwa nini tusibaki na simu. Swali la haki. Simu ina kitu ambacho jukwaa lolote halina, nacho ni marekebisho. Schegloff, Jefferson na Sacks waliandika mwaka 1977 jinsi wazungumzaji wanavyorekebisha usemi wao na wa wenzao hapo hapo, kabla kosa halijaota mizizi. "Kama, au kumi na wawili?" ni rekebisho la namna hiyo. Mwezi Mei 2018 kampuni ya Google ilionyesha hadharani mashine yake iitwayo Duplex ikipiga simu kwa Kiingereza kwenye mkahawa ili kuweka nafasi ya watu wanne. Watazamaji walishangilia viitikio vyake vya "mm" vilivyofanana na vya binadamu. Mimi kilichonivutia ni upande wa pili wa simu: mfanyakazi wa mkahawa alieleza kwamba kwa watu wanne hakuna haja ya kuweka nafasi, waje tu. Jibu sahihi la ombi lilikuwa kwamba ombi halihitajiki. Fomu ya intaneti haina mahali pa kuandika jibu hilo.

Ila simu inapita na upepo. Kundi likifika tisa badala ya kumi na wawili, kila mtu anakumbuka alichotaka kukumbuka. Hapa ndipo ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao kwetu unaitwa vokali, umekuja kuwa chombo cha ajabu. Una sauti, kwa hiyo "kama" inasikika na wasiwasi unasikika. Tena unabaki, kwa hiyo unaweza kuchezwa tena mbele ya mkubwa wa ujumbe. Anayetuma kutoka Kabambare huenda amezoea Kibangubangu nyumbani, mama mdogo ni wa Kikusu, na Kiswahili wanachokutania kila mmoja anakiandika kwa njia yake. Wakisema, hakuna shida ya tahajia. Kasoro ya vokali ni moja na ni ya Austin: haionyeshi kupokelewa. Zile alama mbili za buluu zinasema ujumbe umefunguliwa. Hazisemi ndiyo. Nimewasikia watu wazima wakigombana juu ya alama mbili za buluu kama mahakimu juu ya sahihi.

Jambo la saa ningelipita haraka kama lisingekuwa limeharibu vyakula vingi. Wazee wa Kasongo huhesabu saa kama watu wa pwani, tangu kuchomoza kwa jua, na jua letu linachomoza karibu na saa sita za Kifaransa, kwa hiyo hesabu inakaa vizuri. Saa saba mchana kwao ni saa 13 kwenye simu. Mdogo wangu, ambaye simu yake inasema Kifaransa, akisema "saa saba" pengine anafasiri sept heures. Halafu Maniema iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na mjumbe aliyetoka huko huchelewa kuibadili saa ya mkononi. Kwa neno moja tunaweza kupata saa tatu. Majukwaa makubwa yanadai robo saa: 12:15, 12:30. Anayetoka Kabambare kwa pikipiki wakati wa mvua hawezi kuahidi robo saa. Anaweza kuahidi siku, na sehemu ya siku: kabla ya adhuhuri, baada ya alasiri, magharibi.

Kwa kweli ahadi ya makundi haya haitolewi mara moja. Inatolewa kwa hatua. Siku mbili kabla, mtu anapiga simu, na hiyo ni nia. Pesa zikiingia, mama mdogo anakwenda sokoni. Siku yenyewe, motari akifika mahali penye mtandao, mmoja wa abiria anaita: "Tumeshatoka." Ndipo mchele unapanda motoni. Jukwaa lenye kitufe kimoja limezikunja hatua tatu kuwa moja, na mpishi hajui tena wakati gani wa kununua na wakati gani wa kuwasha.

Nimetaja pesa. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo penye uzito. Mama mdogo huziita avansi. Kiswahili cha vitabu kina neno arubuni, malipo ya kutangulia yanayoonyesha kwamba mnunuzi ana nia ya kweli. (Anayelisikia karibu na kitenzi kurubuni, yaani kulaghai, hana budi kutabasamu.) Neno limetoka Kiarabu, na Kiarabu chenyewe si mwanzo wake. Ni neno la kale la wafanyabiashara wa Kisemiti. Lilivuka bahari likawa arrabōn kwa Kigiriki, likaingia Kilatini, likafupishwa, na leo Wafaransa wanalo kwa sura ya arrhes. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Zanzibar anayedai arubuni na mwenye hoteli wa Lyon anayedai arrhes wanatumia neno moja lililopita njia mbili.

Njia hizo mbili zilileta sheria mbili. Kanuni ya kiraia ya Ufaransa, katika kifungu chake cha 1590, inasema kwamba ahadi ya kuuziana ikifungwa kwa arrhes kila upande unaweza kujitoa: aliyezitoa anazipoteza, aliyezipokea anarudisha maradufu. Arrhes ni bei ya kubadili nia. Acompte ni neno jingine: ni sehemu ya malipo ya jambo lililokwisha kuamuliwa, na anayejitoa bado anaweza kudaiwa. Upande wa fikihi, wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hawakubali muuzaji abaki na arubuni wakati mnunuzi amejitoa, kwa sababu atakuwa amekula mali bila kutoa kitu, Wahanbali wanaruhusu. Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi, tangu enzi za Tippu Tip, na mama mdogo ana wateja wa misikitini na wa dayosisi katika wiki moja. Swali la kubaki na pesa za watu wasiofika si la darasani kwake.

Ufumbuzi wake ni wa lugha, ingawa yeye hangeuita hivyo. Hasemi "mmepoteza avansi yenu". Anasema: "Chakula chenu kiko, mtume mtu achukue." Tuseme watu kumi na wawili, sahani kwa faranga 5,000: jumla ni 60,000, na nusu aliyopokea ni 30,000. Hiyo 30,000 ni samaki, mafuta na mchele. Ilikwisha kugeuka kuwa chakula asubuhi, na chakula hicho ni chao. Hakuna faini, hakuna kubadili nia. Kuna kitu kilichonunuliwa na kinangoja mwenyewe. Waislamu wanaridhika, na padri anaridhika. Nick Kokonas alilifikia wazo hilo kwa neno "tikiti". Mama mdogo alilifikia kwa kivumishi kimilikishi: chenu.

Kwa upande wa vyombo, hatua hii haihitaji jukwaa lolote la kuweka nafasi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Kongo mwaka 2012. Airtel Money na Orange Money nazo zipo. Ujumbe wa pesa una jina, kiasi, siku na saa, na unabaki kwa pande zote mbili. Ni uthibitisho mzuri kuliko alama za buluu, kwa sababu hakuna anayetuma faranga 30,000 kwa kupitiwa.

Limebaki swali la nani anashika daftari la majina. Kwenye jukwaa kubwa, mteja anakuwa wa jukwaa kabla hajawa wako. Resy lilinunuliwa na American Express mwaka 2019, na TheFork lilinunuliwa na TripAdvisor mwaka 2014. Watu hawatoi pesa nyingi namna hiyo kwa ajili ya vitufe, wanataka kujua nani anakula wapi. Kwetu Afrika tumeona na hatari nyingine. Jumia Food, iliyokuwa ikipeleka chakula majumbani Kenya, Uganda na nchi nyingine tano, ilifungwa mwishoni mwa 2023. Wapishi waliokuwa wakiwafikia wateja wao kupitia humo peke yake waliamka wakiwa na jiko bila anwani za walaji. Daftari la mama mdogo ni la karatasi, lina madoa ya mafuta, na hakuna anayeweza kulifunga.

Kwa hiyo jibu nililompa mdogo wangu lilikuwa: kwa Kasongo na Kabambare, usichukue hata moja kati ya yale makubwa. Jenga ukurasa wa ombi ulio mwepesi, usiokula mega nyingi, unaotuma ujumbe kwenye WhatsApp ya mama mdogo. Ukurasa usiseme ndiyo kwa niaba yake. Baada ya ombi, yeye anajibu kwa vokali. Kisha avansi kwa simu. Kisha ile simu ya barabarani. Kama siku moja atakwenda kufungua restora Kindu au Goma, mahali penye wageni wa hoteli wasiomjua mtu, tutazungumza upya, na hapo ningeanza na jukwaa la kulipia kabla, si la kalenda.

Tuliugawana ukurasa: yeye programu, mimi maneno. Kisanduku cha saa tumekiondoa, tumeweka sehemu nne za siku. Kisanduku cha idadi kinakubali tarakimu tu, ili "kama" isipate pa kuingia, na chini yake tumeandika "sahani", si "watu". Kitufe niliandika "Utupikie", nikijivunia kutendea kwangu. Mama mdogo alipoonyeshwa hakupenda. "Mwanangu, mtu sijamwona, ananiambia utupikie tu? Mimi ni mtoto wake?" Tukaongeza neno mbele, na sasa kimeandikwa "Mama, utupikie". Ukurasa wa Kifaransa bado umekwama: mdogo wangu ameweka "Demander", mimi nadai itajwe anaombwa nani, na "Maman, cuisinez pour nous" ni ndefu kuliko kitufe.